Ukiulizwa "Kwenu Wapi?"

Nimezaliwa Temeke, nikakulia Mbagala. Bado kila msiba na kila harusi hakosi mtu wa kuniuliza, "Kwenu hasa ni wapi?" Nikijibu Dar, wananicheka: labda uwe Mzaramo. Basi nasema Ukerewe, kile kisiwa cha Ziwa Victoria alikotoka baba, huku naomba asitokee Mkerewe akanisalimia kwa kilugha.

Kisiwani nimefika mara moja tu, kumzika babu. Nilishinda nikitafsiriwa.

Kilichonisogeza karibu na kwetu ni riwaya ya Aniceti Kitereza, ile ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mke na mume wanaohangaika kupata mtoto. Mzee yule aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa wa kuichapa. Mwishowe akaigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka 1980 hapa hapa Dar. Miaka 35! Na mimi nilikuwa nakilaumu Kiswahili kwamba ndicho kilichoninyima kwetu, kumbe bila hicho nisingeusoma ukurasa hata mmoja.

Sasa, ndugu yangu, kama nawe unaulizwa swali hili, tafuta kitabu cha kwenu, ila usikisome peke yako. Mimi nilijaribu nikachoka mapema. Kitabu ni kinene na hakina haraka. Nikaanza kumsomea baba jioni barazani. Tulipofika pale Myombekere anapotakiwa kupeleka pombe ya ndizi ukweni ili arudishiwe mkewe, baba akanikatiza. Akaeleza ndizi zinavyoivishwa, zinavyokamuliwa kwa nyasi, nani anaonja kwanza. Mtu ambaye miaka yote nikimuuliza habari za kwao alikuwa anajibu "kuzuri tu"! Mama, Mngoni wa Songea, akadakia kutoka jikoni kwamba ya ndizi si pombe, pombe ni ya ulezi. Usiku ule hatukufungua tena kitabu.

Chukua penseli, andika pembeni wazee wanachobisha. Na wanabisha kweli: kitabu kinasimulia Ukerewe ya kabla ya wazungu, ambayo hata baba hakuiona, kwa hiyo usikigeuze msahafu ukaanza kuwasahihisha wajomba.

Vitabu vya kuisifu nchi viache kwanza. Mimi vilinifundisha kupiga makofi tu.

Juzi mama kauliza kama Wangoni nao wana cha kwao. Jumamosi naenda Maktaba Kuu, pale Barabara ya Bibi Titi, kuulizia.