Kabla hujaligusa hilo gari lililoziba geti lako, soma hapa

Mleta mada, acha. Kama hao vijana wa boda uliosema watakusogezea gari wameshafika, waambie watoe mikono kwenye gari la watu, halafu rudi usome.

Maswali yako nimeyaona yote. Wageni wa ukumbi wa jirani wanakuegeshea getini kila Jumamosi, na unauliza kama unaruhusiwa kulisogeza gari la mtu, kibao cha kukataza kiandikweje, mwenyekiti wa mtaa ana nguvu gani, na kama uweke mawe au minyororo. Hayo mengine yatasubiri. Ila hilo la kwanza, la vijana waliokuahidi kufungua mlango "bila hata mkwaruzo" kwa elfu tano, ndilo limenifanya niandike nikiwa kwenye foleni ya benki. Na wewe uliyemjibu pale juu kwamba "geti lako, haki yako, sukuma tu", Mungu anakuona.

Mimi nilisukuma. Tena sikusukuma hata sana, ndiyo uchungu wenyewe.

Ilikuwa Mwanza, mwaka 2018, naishi Isamilo. Anayeijua Isamilo anajua kule barabara zinapanda na kushuka, mawe juu, mawe chini. Mama mkwe alikuwa anarudi Bukoba, basi liko stendi ya Nyegezi alfajiri, na enzi hizo bado daraja la Kigongo–Busisi halijajengwa, kwa hiyo ukichelewa basi umechelewa na kivuko. Nafungua geti na mabegi na ndizi zimeshapakiwa, nakuta Harrier imelala mbele ya geti kwa ubavu. Siyo pembeni kidogo, siyo nusu. Imeziba kama mlango wa pili. Mtaani usiku ule kulikuwa na sherehe, na mwenye gari aliona geti langu ndiyo maegesho aliyoandaliwa na kamati.

Nina ugomvi wa muda mrefu na watu hawa. Yupo anayesimama katikati ya Barabara ya Kenyatta, anawasha taa za hazadi, anaingia dukani kuchagua viatu, kana kwamba zile taa ni kibali kilichosainiwa. Yupo anayechukua nafasi za magari mawili halafu anashuka na kuangalia kazi yake kwa kuridhika. Yupo anayeacha namba ya simu kwenye dashibodi, ukipiga haipatikani. Huyu wa kwangu hata namba hakuacha. Kwa hiyo nilikuwa na haki ya kukasirika, na bado nina hiyo haki, nimeitunza.

Sasa hapo ndipo akatokea mshauri wangu wa sheria. Shemeji, kaka wa mke wangu, alikuwa amelala kwetu ili amsindikize mama yake. Shemeji aliwahi kuwa kondakta wa hiace, kwa hiyo sheria za barabarani anazijua zote, pamoja na zile ambazo bado hazijatungwa. Akalizunguka gari mara moja, akasema, "Shem, gari likiziba geti la mtu linahesabika limetelekezwa. Unaruhusiwa kulitoa. Ni sheria hiyo." Nikamuuliza sheria gani. Akasema, "Ipo." Nami, mtu mzima mwenye mke na kazi, nikaridhika na "ipo".

Kioo kimoja kilikuwa kimeachwa wazi kidogo. Shemeji akaingia ndani, akarudi na hanga ya waya aliyotoa kwenye koti langu la harusi, na haikupita hata dakika mlango ukafunguka. Ustadi ule aliupata wapi mpaka leo sijauliza, maana naogopa kuambiwa. Mpango wake ulikuwa mwepesi: magari haya ya otomatiki yana kitufe kidogo karibu na gia, ukikibonyeza unaweza kuitoa gia kwenye P, ile ya kuegesha, hata bila ufunguo. Analiweka N, yaani gia huru, sisi tunalisogeza mita mbili, tunatoka, tunalirudisha gia yake kwa adabu. Nikasimama mbele ya bampa, nimeweka mikono kama mtu anayezuia ng'ombe.

Jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelifikiria ni hili, na ndilo nataka ulielewe vizuri kuliko yote. Mwenye gari hakuwa ameweka hendibreki. Watu wengi wenye otomatiki hawaweki. Wanatupia P wanashuka. Kwenye mteremko, gari la namna hiyo linashikiliwa na kipande kidogo cha chuma kilichong'ata ndani ya gia, na uzito wote umekilalia. Kwa hiyo unapolazimisha gia itoke, haitoki polepole. Inaachia. Ilisikika "paa!", na kitu cha zaidi ya tani moja na nusu kikaanza safari.

Hakuna ufunguo, kwa hiyo usukani umejifunga, na ulikuwa umejifunga ukiwa umekatwa kidogo kushoto. Injini haiwaki, kwa hiyo hata angekuwepo mtu kwenye kiti cha dereva, ile breki ingekuwa ngumu kama amekanyaga jiwe, maana kinachoilainisha ni injini. Lakini kwenye kiti hapakuwa na mtu. Shemeji alikuwa amepenyeza mwili nusu, miguu bado nje. Alijitupa. Mimi niliyekuwa nazuia ng'ombe nilimpisha ng'ombe apite, na sioni aibu kulisema hilo, kwa sababu nina watoto.

Harrier ikashuka ikikata kushoto, taratibu kwanza, kama inatafuta namba ya nyumba. Ikaipata. Nyumba ya jirani yangu mstaafu, yenye geti jipya la chuma, na mbele ya geti imeegeshwa bajaji. Iliibana bajaji kwenye geti, na geti likaingia ndani na nguzo yake ya tofali. Mzee akatoka amejifunga msuli. Akaangalia, akaniangalia, akasema, "Mwalimu, kulikoni?" Mimi siyo mwalimu, ila siku ile sikuwa na nguvu ya kumsahihisha.

Hakuna aliyeumia, na hilo nalishukuru kila siku. Ungepita muda mfupi tu pale wangekuwa wanapita watoto wa shule.

Sasa hesabu. Geti na nguzo, fundi wa kuchomelea na fundi mwashi. Harrier ilivunjika taa, bampa, rejeta, bonneti ikakunjamana, na wenye Harrier mnajua bei ya taa yake hata ile ya mtumba. Bajaji ikapinda mbele. Tena dereva wa bajaji siyo mwenye bajaji. Bosi wake anataka hesabu yake ya 20,000 kila jioni, iwe imetembea au imelala gereji. Gereji ilikaa, na kila jioni simu yangu ikawa inaita.

Ukafikiri ndiyo imeisha. Bado.

Mwenye Harrier akaja. Unajua alikuwa wapi? Nyumba ya tatu kutoka kwangu, amelala sebuleni kwa wenye sherehe. Ningepiga honi angetoka na shuka. Akazunguka gari lake, akaingia ndani, akafungua kile kisanduku cha mbele ya abiria, akasema humo kulikuwa na shilingi 800,000 za michango ya sherehe na hazipo.

Nikwambie kitu: sijui kama zilikuwepo. Labda zilikuwepo na zimo mfukoni mwa mjomba wake. Labda hazikuwahi kuwepo. Lakini mlango wa gari lake umefunguliwa kwa hanga, na hanga ni yangu, na imetoka kwenye koti langu. Nitabisha kwa mdomo gani? Ya bampa unayaona kwa macho, unahesabu, unalipa. Ya ndani ya gari huna namna ya kuyakana. Ukishafungua mlango wa gari la mtu, chochote atakachosema kilikuwa humo, kilikuwa humo. Laptopu, dhahabu, hati ya kiwanja. Shukuru tu kama hakumbuki vingi.

Nilikwenda kituo cha polisi nikijiona mlalamikaji. Nikaandika maelezo nikiwa mtuhumiwa, kuharibu mali, na neno "wizi" likawa linazunguka juu ya meza kama inzi. Trafiki mmoja, mtu mzima, mpole, alinivuta pembeni akaniambia jambo lililonikata maini: "Ungetuita sisi. Kuegesha vibaya ni faini, notifikesheni ya 30,000, na angelipa yeye. Gari likihitaji kuondolewa linavutwa kwa utaratibu, gharama juu yake." Elfu thelathini. Juu yake. Mimi kwa kumaliza yote, pamoja na nusu ya zile laki nane niliyokubali ili tuandikishane yaishe, ilinitoka zaidi ya milioni mbili.

Usije ukasema bima. Nilikwenda na stika yangu, ile ndogo ya 118,000 kwa mwaka enzi hizo, ya kumlinda mtu wa tatu. Dada wa kaunta akaniuliza, "Gari lako liko wapi kwenye huu mchoro?" Nikasema liko ndani ya geti. "Limegonga nini?" Halijagonga kitu. Akanyamaza akinipa nafasi ya kujijibu mwenyewe. Bima yangu inajibu madhara ya gari langu; lililoharibu ni la mwingine. Na bima ya mwenye Harrier inataka dereva awe yeye au mtu aliyemruhusu, na shemeji mwenye hanga hayumo kwenye makundi hayo mawili.

Mliokwisha kuniuliza inboksi kama shemeji alichangia: alichangia elfu kumi, na aliikopa kwa mke wangu. Mpaka leo kwenye vikao vya familia anaeleza kwamba kosa lilikuwa langu, sikuzuia vizuri pale mbele.

Na mama mkwe? Alipanda bodaboda, begi mbele, ndizi nyuma, akawahi basi. Hiyo bodaboda ilikuwepo tangu mwanzo, kwenye kona. Ndiyo naumia nikiikumbuka.

Kwa hiyo mkuu, mkono wako usiliguse gari lisilo lako. Usisukume, usifungue, usitoe upepo kwenye tairi (ukitoa upepo umelifanya lisiondoke, sasa nani kaziba geti?), usiliegemee hata ukiwa unapiga simu. Wale wanaosema "tulinyanyue tu watu sita tulisogeze", swali langu ni moja: likiponyoka, hao watano wengine utawakuta nyumbani kwao? Piga picha namba ya gari na geti lako vionekane pamoja. Piga honi mpaka mbwa wa mtaa waamke. Mwite balozi wa nyumba kumi au mwenyekiti, asimame pale awe shahidi. Ukikwama kabisa, trafiki. Una safari ya haraka, panda bajaji, halafu mdai mwenye gari nauli. Hata asipolipa umepoteza elfu chache.

Hao vijana wa boda wape soda waende. Wewe una bahati kuliko mimi, maana wako wamo ukumbini na unajua walipo. Andika namba ya gari kwenye karatasi, nenda nayo mpaka kwa MC mwenyewe, usimwachie mlinzi wa mlangoni, uombe aitangaze kwenye maikrofoni. Wahi kabla ya keki, kwa sababu wakishakata keki muziki unafunguliwa na hapo hasikii mtu.