Jeni ya saa ya mwili iligunduliwa 1971, si 2017

Wengi hudhani kwamba wanasayansi Hall, Rosbash na Young, waliopewa Nobel mwaka 2017, ndio waliokuwa wa kwanza kuigundua jeni ya saa ya mwili, yaani mpangilio wa ndani unaoongoza mwili kwa mzunguko wa karibu saa 24. Hapana, si wao. Ni Ronald Konopka na Seymour Benzer, kule California, mwaka 1971. Nafundisha jenetiki, na makala yao ndiyo ninayoanza nayo kila mwaka kwa sababu jaribio lenyewe linaeleweka hata na asiye mtaalamu.

Nzi wa matunda kwa kawaida hutoka kwenye ganda la pupa (hatua kati ya buu na nzi kamili) karibu na alfajiri. Konopka aliwapa nzi kemikali ya kubadili jeni, kisha akaangalia uzao upi unatoka saa zisizo zake. Akapata aina tatu: mmoja mzunguko wake ni saa 19, mwingine saa 28, wa tatu hana mpangilio kabisa, anatoka muda wowote. Kinachonigusa mpaka leo ni kwamba kasoro zote tatu zilikuwa mahali pamoja kwenye kromosomu X, mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni. Jeni moja! Wakaiita period.

Hall, Rosbash na Young waliitenga jeni hiyo mwaka 1984, kisha wakaonyesha inavyofanya kazi: protini yake hujaa usiku na kuvunjwa mchana. Hiyo ndiyo iliyowapa tuzo, na waliistahili. Konopka na Benzer walikuwa wameshafariki, na Nobel haitolewi kwa marehemu.

Ila period peke yake haitoshi kuendesha saa; inahitaji jeni nyingine, ikiwemo timeless.