Usisaini muhtasari Jumamosi kabla hujaona kifungu cha kuvunja mkataba

Mkuu uliyeuliza kutoka Pasua, Moshi, ishia hapo hapo. Usisaini.

Umesema kampuni binafsi inayotaka kukabidhiwa taka na choo cha soko lenu imeahidi gari jipya la taka, mapipa ya bure na choo chenye vigae, na kilichobaki ni kamati kusaini muhtasari wa kikao "ili mchakato uendelee". Halafu ukaja na maswali manne, la kwanza eti ada ya taka iwe shilingi ngapi kwa kaya. Ada! Ada inapanda na kushuka, mtabishana nayo kila mwaka. Miaka ya mkataba haishuki.

Nilikuwa katibu wa kamati ya soko. Soko gani sisemi, maana bado nanunua nyanya pale na baadhi ya wahusika tunakutana misibani. Choo chetu kilikuwa kinanuka mpaka barabarani, na mkusanya ushuru alikuwa na kitabu cha risiti ambacho hakikuwahi kuisha kurasa. Hilo sibishi. Ndipo akaletwa mshauri na projekta yake, atushawishi tukabidhi choo, taka na ushuru kwa kampuni binafsi. Akaonyesha picha za vyoo vya nchi za watu, akasema mtu binafsi hawezi kuiba kwa sababu anajiibia mwenyewe. Tukapiga makofi, wajinga sisi. Kisha akauliza, "Mnataka huduma au mnataka siasa?" Nani atanyoosha mkono aseme anataka siasa? Soda zikapita, hafukeki zikapita.

Mama mmoja muuza dagaa akasimama: "Mkataba wenyewe uko wapi tuusome?" Na mimi katibu, na kalamu yangu sikioni, nikamjibu, "Mama, hayo ya kisheria waachie wataalamu." Mpaka leo dagaa ananiuzia bei ya mgeni, na sina la kusema. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri wa shule ya bweni: wananchi wameshirikishwa na wameridhia. Tukasaini kama mtu anayeoa kwa picha.

Mkataba tulikuja kuujua kidogo kidogo, kila kifungu siku kinapotuuma. Kwanza vijana wenye mikokoteni waliokuwa wanazoa taka mitaa ya nyuma wakakamatwa. Kumbe kampuni ilipewa haki ya peke yake eneo lote, hata kwenye vichochoro ambavyo gari lake haliingii. Taka zikabaki, vijana wakabaki bila kazi, ada ikaendelea kudaiwa. Baadaye bomba la maji likapitishwa sokoni na choo kikafungwa kwa muda. Kampuni ikaleta madai ya fidia kwa siku ambazo watu hawakujisaidia. Nacheka sasa, siku ile sikucheka.

Lililotumaliza ni hili: kulikuwa na kiwango cha chini cha mapato walichohakikishiwa. Ushuru ulipopanda, wenye meza ndogo wakahamia kando ya barabara, mapato yakashuka. Unadhani aliyepata hasara ni kampuni? Pengo lilikatwa kwenye fungu la soko, lile lile tulilokuwa tunalisubiri kwa ajili ya paa. Kwa hiyo mvua ilitunyeshea sisi, na tuliilipia kampuni kwa wateja iliyowafukuza yenyewe. Hatari yote ilikuwa ya umma, faida tu ndiyo ilikuwa binafsi. Yule wa projekta hakuwa na slaidi ya hilo.

Tukasema basi, tuvunje. Tukaambiwa atakayevunja kabla ya muda atalipa faida ya miaka yote iliyobaki. Na kwenye jalada la kampuni kuna kiambatisho: muhtasari wangu, mwandiko wangu, wananchi wameridhia. Mwanasheria wao alinisifia mwandiko.

Mshauri? Alishalipwa siku nyingi. Hili ndilo linalonichoma kuliko yote. Ukiuliza kwa nini mji usinunue gari lake la taka, jibu ni kwamba bajeti haitoshi. Lakini bajeti ya kumlipa mtu aje kutueleza kwamba bajeti haitoshi ipo, pamoja na semina, posho na maji ya chupa. Anzeni kuuliza hapo kabla hamjauza choo.

Najua kuna atakayesema huyu anaandika kutoka Arusha, bado ana Azimio kichwani. Basi tuache Azimio, twende Marekani kwenyewe. Mwaka 2008 jiji la Chicago lilikodisha mita zake za maegesho, zaidi ya 36,000, kwa wawekezaji binafsi kwa miaka 75. Bei ilikuwa dola bilioni 1.15. Baraza la madiwani lilipitisha kwa kura 40 dhidi ya 5, siku chache tu baada ya mpango kutangazwa. Mwaka uliofuata mkaguzi mkuu wa jiji akasema liliuza chini ya thamani kwa takriban dola milioni 974. Ada za maegesho zilipaa, na sehemu kubwa ya fedha ile iliishia kuziba bajeti ndani ya miaka michache. Mpaka leo jiji likifunga mtaa kwa ujenzi au sherehe, linaweza kudaiwa fidia ya mita zilizokaa bure. Niliposoma hilo nikakumbuka choo chetu na lile bomba. Wenzetu wana wanasheria kila ghorofa na bado walisaini kwa haraka. Kamati yenu ina nani, yule mwalimu mstaafu?

Hata hapa nyumbani tunayo. Kampuni binafsi ya City Water ilipewa kuendesha maji ya Dar es Salaam mwaka 2003, mkataba wa miaka 10, na mwaka 2005 Serikali ikauvunja. Kesi kwa wasuluhishi wa kimataifa zikaenda hadi 2008. Tanzania haikuamriwa kulipa fidia, lakini hiyo ni nchi nzima, ina Mwanasheria Mkuu na inaweza kukaa kwenye kesi miaka mitatu. Nyinyi mkishtakiwa mtauza meza zipi?

Kwa hiyo kitu kimoja tu, mengine shauri yenu: hakuna sahihi mpaka rasimu ya mkataba iwe mezani, na muanze kuusoma kutoka mwisho, kwenye kuvunja. Nani anaweza kutoka, kwa notisi ya muda gani, na akitoka analipa nini. Wakikataa kuuonyesha, andikeni barua kwa mkurugenzi mkitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Sheria hiyo inawapa siku 30 kujibu, na mkutano wenu ni Jumamosi. Unaona sasa kwa nini wana haraka? Watasema ni siri ya biashara. Basi na sahihi yako iwe siri.

Kama kampuni ni nzuri kweli, ichukue mwaka mmoja, isihakikishiwe mapato, na vijana wa mikokoteni wabaki kwenye mitaa yao. Uone kama watarudi Jumamosi inayofuata. Halafu nyinyi watu wa Moshi mnanishangaza: maji yenu yanaendeshwa na MUWSA, mamlaka ya umma, na kila mgeni akija mnamjazia glasi ya bombani kwa majivuno. Leo mtu anawaambia umma hauwezi kuzoa taka na mnaitikia?

Swali lako la faini sikulijibu, na lile la sampuli ya barua nimelisahau kabisa, wadau wengine watakusaidia. Mimi niambie tu mkutano ni saa ngapi. Kama ni baada ya saa nne nawahi kwa Coaster ya asubuhi, nauli najilipia, mradi mwenyekiti anipe dakika tano kabla hafukeki hazijaanza kupita.