Fungu la Mateka

SWALI: Kila Kwaresima ninafunga na kusali, lakini sadaka yangu huwa ni kile tu kilichosazwa na matumizi. Je, historia ya watawa ina la kunifundisha?

JIBU: Ndugu msomaji, litazame Shirika la Utatu Mtakatifu, lililoanzishwa na Mtakatifu Yohane wa Matha, ambalo kanuni yake iliidhinishwa na Papa Inosenti III mwaka 1198. Kanuni hiyo iliagiza mapato yagawanywe mafungu matatu: mawili kwa riziki ya watawa na kazi za huruma, na la tatu kwa kuwakomboa Wakristo waliotekwa. Kwangu mimi, uzito wa agizo hilo uko katika kwamba mateka, ambaye pengine hakuna mtawa aliyewahi kumwona, alihesabiwa pamoja nao tangu mwanzo wa mgawanyo, wala hakuachiwa masazo. Kazi hiyo ilidumu karne nyingi. Mwaka 1580 watawa hao ndio waliomkomboa Miguel de Cervantes, mwandishi Mhispania, huko Algiers, Afrika ya Kaskazini, baada ya utumwa wa miaka mitano.

Basi litenge fungu la mhitaji kabla ya kupanga matumizi yako, hata likiwa dogo kuliko theluthi, na unachookoa kwa kufunga ukiongeze humo.