Nilianguka mnazini: je, nitapata mtoto?

SWALI: Shikamoo Bibi Muuguzi. Nina miaka 31, nilikuwa mkwezi. Miaka minne iliyopita nilianguka kutoka mnazini nikiangua madafu, nikaumia uti wa mgongo. Karatasi ya hospitali imeandikwa T8. Natembelea kiti cha magurudumu, mkojo nautoa kwa mpira. Uume husimama, lakini manii hayatoki kabisa. Daktari mmoja aliniambia mishipa imekufa na mbegu nazo zimekufa. Sasa kuna mtu ananiuzia mitishamba kwa shilingi laki tatu. Mama anasema nimwache mke wangu aende kwao akaolewe na mwingine azae. Nifanye nini?
Mkwezi, Pangani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hizo laki tatu usizitoe. Utazihitaji.

Aliyekwambia mbegu zimekufa alikosea. Korodani zako zinaendelea kutengeneza mbegu usiku na mchana. Kilichoharibika ni njia ya mawasiliano: taarifa kati ya ubongo na nyonga zinakwama hapo T8, yaani pingili ya nane ya mgongo wa kifuani, katikati ya kifua (namba ikiwa ndogo, jeraha liko juu zaidi). Ndiyo maana wanaume wengi walioumia kama wewe, karibu tisa katika kila kumi, hawamwagi wakikutana na wake zao. Vidonge vya kusimamisha uume havitatatua hilo. Vinasaidia kusimama tu.

Nina swali kwako. Ukiguswa nyayo au mpira wa mkojo ukiingia, miguu hurukaruka yenyewe? Wagonjwa wangu waliichukia sana ile hali, maana humtupa mtu kitandani. Lakini kwa jambo hili ni dalili njema: sehemu ya chini ya neva za mgongo iko hai, imekosa tu amri ya juu. Na sehemu hiyo inaweza kuamshwa kutoka nje.

Inaamshwa kwa mashine ya kutetemesha. Ni kifaa cha kushika mkononi, kinatetema mara 100 kwa sekunde, kikisogea milimita 2.5 tu. Huwekwa chini ya kichwa cha uume dakika mbili tatu, kisha mnapumzika na kukagua ngozi, kwa sababu wewe husikii maumivu na unaweza kuchubuka bila kujua. Tumbo likikaza na miguu ikinyooka, manii yanakaribia. Kwa aliyeumia juu ya T10, kama wewe, njia hii hufaulu kwa walio wengi. Chini ya hapo hufaulu kwa wachache.

Mara ya kwanza ifanyike hospitalini, presha ikipimwa. Hili nawaambia hasa wasomaji walioumia T6 kwenda juu: presha inaweza kupanda ghafla, kichwa kikauma sana na jasho likatoka usoni. Hiyo ni hatari ya kufa. Mnaacha hapo hapo, anakalishwa wima. Wapo wanaopewa dawa ya kushusha presha kabla ya kuanza.

Sitasahau kijana mmoja wa wodini kwetu. Manii yalitoka kidogo, rangi ya kahawia, akadhani ni uchafu. Meza ya maabara ilikuwa juu mno kwa kiti chake, basi fundi wa maabara akaishusha hadubini, akaiweka juu ya kigoda. Kijana akainama, akatazama, akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Zinacheza." Tulilia wote watatu.

Zake zilikuwa nyingi, ila zilizocheza zilikuwa chache, na ndivyo ilivyo kwa wengi. Mwendo wa mbegu hushuka ndani ya wiki chache baada ya ajali, kisha hubaki hapo. Kwa hiyo miaka minne uliyongoja haikukuharibia zaidi. Kama una maambukizi ya njia ya mkojo, watayatibu kwanza. Zikionekana za kutosha, mnaweza kuelekezwa kufanya nyumbani: manii kwenye kikombe safi kikavu, kisha yaingizwe ukeni kwa bomba la sindano lisilo na sindano, mkeo akiwa katika siku zake za kushika mimba. Naye apimwe, mirija na yai, msije mkahangaika na upande mmoja.

Mashine ikishindwa, ipo njia ya umeme mdogo unaopitishwa kwenye njia ya haja kubwa, nayo ni kazi ya daktari. Kuchoma korodani kwa sindano kutafuta mbegu nakuomba kuwe mwisho. Naumia nikiona familia inauza shamba kwa jambo hilo wakati mashine ya mkononi haikujaribiwa hata siku moja, kwani mbegu za kwenye korodani huwalazimu kwenda kupandikiza mimba maabara, kwa gharama kubwa. Njia ya kuingiza mbegu moja ndani ya yai moja ilizaa watoto wake wa kwanza Ubelgiji mwaka 1992, nayo ni msaada mkubwa kwa wenye mbegu chache mno.

Mtoto hatarithi jeraha lako. Mwambie mama hivyo, kwa heshima.

Ama kumwacha mkeo: barua yako imenieleza anachotaka mama na anachosema daktari. Yeye anataka nini, hukuniandikia. Muulize leo, mkiwa wawili. Akisema twende, beba ile karatasi ya T8 mwende Muhimbili, kitengo cha mifupa, mkamuulize daktari wa mgongo na wa njia ya mkojo, na mkeo aingie chumbani pamoja nawe.