Maswali yenu juu ya Seta: na Hélène je?

Safu iliyopita niliandika juu ya Seta, yaani Hariri, riwaya fupi ya Mwitalia Alessandro Baricco iliyotoka mwaka 1996. Kwa aliyeikosa: Hervé Joncour anaishi Lavilledieu, mji mdogo wa Ufaransa unaotegemea hariri. Ugonjwa unaharibu mayai ya viwavi wa hariri, na mzee wa biashara hiyo mjini, Baldabiou, anamtuma Japani kununua mayai mazima. Anakwenda mara nne. Huko, kwa bwana mkubwa aitwaye Hara Kei, anatazamana na mwanamke kijana ambaye hawajawahi kusemezana hata neno moja. Nyumbani amemwacha mkewe, Hélène.

Barua zimenijaa. Wengi mmemuulizia mwanamke wa Japani. Aliyemuulizia mke ni mmoja tu, na huyo nimempa nafasi kubwa kuliko wote. Majibu yangu yanafichua mwisho wa kitabu, kwa hiyo ambaye hajakisoma na ana nia ya kukisoma aishie hapa, atatukuta.

Kurasa mia moja na kitu, sura nyingine hazijazi ukurasa. Hii ni riwaya kweli, au ni hadithi fupi iliyovutwa? Mimi nimeimaliza kwa saa moja na nusu.

Ni riwaya. Ndani yake mna ndoa nzima mpaka kaburini. Ila wewe, ndugu yangu, kwa saa moja na nusu umepita nje yake tu.

Kitabu kina sura zaidi ya sitini, na ule weupe unaobaki chini ya ukurasa umeachwa kwa makusudi. Hapo ndipo unatakiwa utue. Chukua mfano mmoja. Kutoka safari ya kwanza, Hervé anamletea mkewe vazi la hariri. Tunaambiwa Hélène, kwa haya zake, hakulivaa hata siku moja, na kwamba ukilishika vidoleni ni kama hujashika kitu. Basi, habari ya vazi imekwisha. Mwenye haraka ameona zawadi. Aliyetua ameona mume aliyerudi na kitu kisichoshikika, na ameanza kuwa na wasiwasi naye kuhusu mengine.

Nalisema hili kila mara na nitaendelea kulisema: siku hizi watu wanahesabu vitabu walivyomaliza, na wanavipenda vifupi kwa sababu vinakuza hesabu. Kitabu kifupi cha namna hii kinadai muda zaidi kwa kila ukurasa, sawa na shairi. Kisome kwa sauti. Ukifika mwisho, kianze tena siku hiyohiyo, maana mwisho wake unageuza kila ulichodhani umekielewa mwanzoni.

Naomba pdf.

Sina, na hata ningekuwa nayo nisingeituma. Mwandishi na mfasiri wanakula kwa kazi hii. Nunua, azima, au nenda maktaba. Ombi hili naliona kila wiki, na jibu langu halitabadilika.

Kila Hervé akisafiri, mwandishi anarudia maelezo yaleyale karibu neno kwa neno. Mara nne! Mhariri alikuwa wapi?

Wimbo kiitikio kikirudi, hakuna anayelalamika. Rudi usome tena, safari hii kalamu mkononi. Anavuka mpaka karibu na Metz, anapita Württemberg na Bavaria, Vienna, Budapest, Kiev, kisha kilomita elfu mbili za nyika ya Urusi juu ya farasi, milima ya Ural, Siberia siku arobaini, mpaka ziwa Baikal. Kila safari tunaambiwa wenyeji wanaliitaje ziwa hilo. Mara ya kwanza wanaliita bahari. Ya pili, shetani. Ya tatu, wa mwisho. Ya nne, mtakatifu.

Ziwa ni lilelile. Aliyebadilika ni msafiri. Katika neno hilo moja mwandishi amekupa hali yote ya moyo wa Hervé bila kukuambia kwamba alikuwa na hofu, au ametekwa, au amekata tamaa. Hii ni takriri yenye kazi, na aliyeiruka kwa kudhani ameshaisoma ameruka uti wa mgongo wa kitabu. Wapo watakaosema hawakuona tofauti yoyote. Wanathibitisha ninachosema.

Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Naomba dhamira kuu tano na mbinu za kisanaa zilizotumika, niwape wanafunzi.

Marahaba, mwalimu. Orodha sitoi. Wape aya ya safari ya kwanza na ya pili, waambie watafute neno lililobadilika na waseme kwa nini. Kipindi kimoja kitatosha, nao watakuwa wamesoma. Ukiwapa dhamira tano watakariri dhamira tano, na kitabu watakuwa hawajakigusa.

Je, ni kisa cha kweli?

Watu wake ni wa kubuni. Balaa lililowatoa nyumbani lilikuwa la kweli kabisa, na nasikitika wengi mmelichukulia kama pambo.

Katikati ya karne ya 19 ugonjwa uitwao pebrini uliingia kwenye viwavi wa hariri wa Ufaransa. Viwavi walitoka madoa meusi kama waliomwagiwa pilipili manga, wakadumaa, wakafa kabla ya kusokota. Mavuno ya vifukofuko Ufaransa, yaliyokuwa karibu tani 26,000 mwaka 1853, yaliporomoka hadi karibu tani 4,000 mwaka 1865. Ubaya wake ni kwamba ugonjwa unarithiwa: nondo jike mgonjwa anataga mayai yenye ugonjwa, na yai lenyewe, dogo kama kichwa cha pini, halikuonyeshi lolote kwa macho. Ndiyo maana watu waliyafuata mayai mazima mbali zaidi na zaidi mpaka ikabaki Japani.

Mwaka huohuo wa 1865 serikali ilimtuma Louis Pasteur kusini mwa nchi, Alès. Alikuwa mwanakemia, viwavi hakuwajua. Mtaalamu wa wadudu Jean-Henri Fabre ameeleza jinsi Pasteur alivyomtembelea, akashikishwa kifukofuko, akakitikisa sikioni na kushangaa kwamba ndani mna kitu. Buu lenyewe hakulijua! Lakini kufikia mwaka 1870 alikuwa ametoa kitabu chenye dawa ya tatizo. Kila nondo jike atage peke yake. Akishataga, asagwe na maji, tone litazamwe kwa hadubini. Vikionekana vile vijidudu vya ugonjwa, mayai yake yachomwe. Kazi ya mikono, ya subira, nayo ikaiokoa mbegu.

Mambo mawili msimwamini sana mwandishi. La kwanza, mwaka 1861, Hervé anapofunga safari yake ya kwanza, kuna Buda na kuna Pest. Budapest kama mji mmoja ilizaliwa mwaka 1873. La pili ni kubwa zaidi. Japani ya wakati huo haikuwa imefungwa kama riwaya inavyokufanya uhisi. Ufaransa ilitia saini mkataba nayo mwaka 1858, bandari ya Yokohama ikafunguliwa kwa wageni mwaka 1859, na biashara ikaanza. Ila mgeni alikatazwa kwenda ndani zaidi ya kama kilomita 40 kutoka bandarini. Hapo ndipo safari za Hervé zinapata hatari yake. Yaliyobaki ni ndoto, na ndoto ni haki ya mtunzi. Kosa ni la msomaji anayefunga riwaya akidhani amesoma historia.

Yule mwanamke ni nani hasa? Jina lake nani? Kwa nini macho yake si ya Kijapani?

Hatuambiwi. Swali hili limekuja katika barua nyingi kuliko jingine lolote, na jibu ni hilohilo kwenu nyote: hatuambiwi, na tusipoambiwa kwa makusudi, kubuni majibu ni kupoteza muda.

Ila nina neno langu, na najua baadhi yenu halitawapendeza. Mwanamke huyu hana jina, hana sauti, hana siku hata moja ya kwake mwenyewe. Maisha yake yote katika kitabu ni kutazamwa na mwanamume aliyetoka mbali. Japani nayo imetendewa vilevile: ukimya, maji, ndege, mikono inayomimina chai. Wazungu wengi wa karne ile waliandika hivyo juu ya nchi za watu, na mwandishi wa mwaka 1996 alikuwa na nafasi ya kufanya vingine. Naipenda riwaya hii na bado nasema hapa ina kasoro. Kinachoipunguza kasoro hiyo ni kwamba mwisho wake unamhukumu Hervé kwa jicho hilohilo alilokuwa nalo.

Na mnaoniandikia kwamba haya ndiyo mapenzi ya kweli, ya macho bila maneno, nawauliza: yule kijana mmemsahau? Safari ya mwisho kijiji kimeteketezwa kwa vita. Kijana mdogo anamwongoza Hervé hadi waliko wengine. Kesho yake anakutwa ananing'inia mtini. Hara Kei anaeleza kwamba kumpelekea mtu ujumbe wa mapenzi ni kosa la kufa, na kijana hakuwa na barua yoyote, yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa ujumbe. Mtoto amekufa kwa ajili ya mtazamano wa watu wazima wawili, na katika barua zenu zote hakuna hata moja iliyomtaja.

Filamu ya mwaka 2007 inatosha?

Haitoshi.

Nisome tafsiri ipi ya Kiingereza?

Ziko ya Guido Waldman na ya Ann Goldstein, na zote zinasomeka. Fungua kila moja kwenye ile aya ya safari, isome kwa sauti, uchukue ambayo ulimi wako haujikwai. Mimi ningependa kuisoma kwa Kiswahili cha mfasiri aliyelelewa na ushairi, maana mapigo ya sentensi zile yanakaa vizuri kabisa katika lugha yetu.

Nimeolewa miaka kumi na minne. Nilipofika kwenye ile barua nililia, kisha nikakasirika. Hélène alijua kila kitu akanyamaza. Kwa nini hakumkabili mumewe? Alikosea?

Dada yangu, asante. Ningepata barua hii moja tu, safu ingetosha.

Kwa wengine nieleze kwanza. Baada ya safari ya nne, ambapo Hervé alirudi na viwavi waliokufa, inafika barua ndefu ya Kijapani. Anaipeleka Nîmes kwa Madame Blanche, Mjapani mwenye duka la vitambaa na danguro, amsomee. Ni barua ya mwanamke kwa mpenzi wake, ya mwili mzima, isiyoficha kitu, na mwisho wake inamuaga na kumwambia aendelee kuishi. Miaka inapita. Hélène anafariki. Ndipo Hervé anapogundua kwamba barua ile aliiandika mkewe, na Madame Blanche aliigeuza tu kuwa Kijapani. Mama huyo anamwambia kwamba mkewe alitamani kuliko kitu chochote kuwa mwanamke yule.

Sasa rudi mwanzoni, pale Hélène anapotajwa mara za kwanza. Ni mrefu, mwendo wake wa taratibu, nywele nyeusi hazifungi. Na ana sauti nzuri sana. Mwandishi anairudia habari ya sauti hiyo, lakini Hélène anazungumza machache mno. Sisi wasomaji tukaipita sauti, tukakimbilia Japani na mumewe. Halafu mahali pekee katika kitabu kizima ambapo mwanamke anasema yote aliyonayo moyoni, ni yeye anayesema, kwa lugha asiyoijua, kwa jina la mwingine. Nilipolielewa hili mara ya pili nilikiweka kitabu chini na sikukigusa hadi kesho yake.

Kwa hiyo unauliza kwa nini alinyamaza. Naona hakunyamaza. Alisema kwa njia pekee ambayo mumewe angesikia, maana Hervé alikuwa amefika mahali ambapo barua ya Kijapani aliibeba mpaka Nîmes, na mke aliyelala naye kitanda kimoja hamsikii. Angemkabili, Hervé angekana, na angekana kwa haki: hakuwahi kumgusa yule binti kwa namna ambayo mtu angeweza kumshtaki. Hélène alishindana na picha tu. Na picha huiambii iondoke. Aliipa maneno ya kuaga ili iondoke yenyewe.

Je, alikosea? Alimpa mumewe miaka ya amani, na yeye akaibeba siri peke yake hadi kufa. Mimi nalihesabu kuwa tendo kubwa kuliko safari zote nne za Siberia, na naliona pia kuwa dhuluma aliyotendewa. Usimchukue kama mfano wa kuigwa. Hasira yako ni halali na naomba usiifute. Hasira hiyo ielekee kwa Hervé, aliyehitaji kaburi ndipo amjue aliyekuwa akiishi naye, na sehemu yake itufikie sisi tuliosoma kwa macho ya Hervé.

Kama una mtu wa kusoma naye, mpe kitabu bila kumwambia kitu. Mwulize akimaliza: Hélène alikuwa na sauti ya namna gani? Utajua amesoma nini.

Baldabiou na ule mchezo wake wa biliadi peke yake una maana gani?

Anashindana na nafsi yake, pigo moja kwa kawaida, linalofuata kwa mkono mmoja tu, mzima dhidi ya kilema, na amesema kilema akishinda ataondoka mjini. Siku inafika na anaondoka. Ni mtu mmoja katika kitabu anayejua mapema jinsi atakavyoaga, na anaaga. Mlinganishe na Hervé.

Maua madogo ya buluu kaburini kwa Hélène aliyaweka nani?

Mwanamke aliyeyavaa vidoleni kama pete. Rudi Nîmes, usome tena mara ya kwanza Hervé anapoingia kwake.