Nunua Toleo la Chini

Sedani yangu ya kwanza ya ukubwa wa kati niliinunua kwa sababu ya rimu. Zilikuwa za inchi 19, nyeusi, zenye ukingo unaometa, na tangu nilipolitupia gari lile jicho sikusikia tena alichosema fundi niliyekuja naye. Yeye alikuwa amechuchumaa anasoma namba za tairi. "Mia mbili thelathini na tano, arobaini, kumi na tisa," akasema, kisha akanyanyua uso. "Viatu hivi utaviweza?" Nikacheka.

Namba zile siku hizi ndizo ninazosoma kabla hata ya kufungua mlango. 235 ni upana wa tairi kwa milimita. 40 ni kimo cha ubavu wake, kikihesabiwa kama asilimia ya upana huo. Piga hesabu utaona: kati ya rimu na lami kuna milimita 94 tu za mpira. Gari hilohilo, toleo la chini, yaani lile lenye mapambo machache, lilikuwa na matairi ya 215/55 ya inchi 17, ambayo ubavu wake ni milimita 118. Tofauti ni upana wa kidole gumba, lakini kidole gumba hicho ndicho kinachomeza mashimo. Mwezi wa pili niliangukia shimo ambalo sikuliona, tairi likatoa kinundu ubavuni kama yai, na rimu ikapinda. Tairi jipya la inchi 19 nililipia karibu mara mbili ya lile la 17, tena baada ya kulisubiri maana halikuwepo dukani. Nikamkumbuka fundi wangu.

Ndiyo maana mtu akiniuliza sedani ipi anunue, huwa simjibu jina la gari kwanza. Namwambia: ukishachagua gari, shuka ngazi moja. Ukiweza, shuka mbili. Toleo la juu huuzwa kwa rimu kubwa, paa la kioo, milango inayojifunga yenyewe na skrini pana. Injini na bodi mara nyingi ni zilezile. Unacholipia zaidi ni vitu vitakavyokuja kuharibika gari likizeeka. Paa la kioo, kwa mfano, lina mifereji midogo ya kupitisha maji ya mvua. Ikiziba kwa majani na vumbi, maji yanashukia ndani, kwenye zulia na nyaya. Nimekausha zulia kwa feni siku tatu, najua harufu yake.

Hata hivyo kubana matumizi si kubana kila kitu. Vipo vinne ambavyo ningevilipia leo bila kunung'unika: taa za mbele zinazomulika vizuri, kiti cha dereva kinachopanda na kushuka, matundu ya kiyoyozi kwa abiria wa nyuma, na breki zinazojishika zenyewe gari la mbele likisimama ghafla. Mengine ni mapambo.

Kuhusu ukubwa, pima kabla ya kuamini jina. Magari haya yamenenepa. Honda Accord ilipotoka mwaka 1976 ilikuwa gari dogo la milango mitatu. Accord ya sasa inakaribia mita tano. Civic ya leo, ambayo watu huihesabu kuwa ndogo, inakaribiana kwa urefu na Accord ya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa hiyo mwenye familia ya watu wanne huenda anahitaji kile kinachoitwa kidogo, na fedha inayobaki ikaenda kwenye matengenezo. Ila kama una vijana warefu, au unabeba wazee ambao magoti hayapindi sawasawa, basi Toyota Camry, Accord, Hyundai Sonata na wenzao wana maana. Umbali wa kama mita 2.8 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ndio unaokupa nafasi ya miguu.

Jaribio langu ni la kizembe, lakini halijawahi kunidanganya. Rekebisha kiti cha dereva kikukae wewe, kisha shuka, kaa nyuma yake. Magoti yanagusa? Kichwa je? Sedani nyingi za sasa zina paa linaloteremka nyuma kwa ajili ya urembo, na mtu mrefu anajikuta ameinamisha shingo kama aliyekosea. Kama una mtoto mchanga, njoo na kiti chake. Kile kinachotazama nyuma hula nafasi kuliko unavyodhani, na abiria wa mbele anaweza kulazimika kukaa magoti kwenye dashibodi. Halafu fungua buti. Usisome lita zilizoandikwa kwenye karatasi, tazama mdomo wake. Bawaba za baadhi ya mabuti hushuka ndani kifuniko kikifungwa na kubonyeza mizigo. Nilikwenda na kigari cha mtoto kwenye gari moja lenye buti kubwa ajabu, kikakataa kupita mlangoni. Muuzaji alijaribu kukiingiza kwa ubavu, kwa kichwa, kwa miguu, mwisho akasema labda ninunue kigari kingine.

Injini nitaipita haraka. Ya silinda nne, lita mbili hadi mbili na nusu, isiyo na tabo (turbo, kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini), inatosha kabisa kwa gari la kila siku. Kwenye giaboksi ndiko pa kukaza macho. Kama ni CVT, yaani giaboksi ya otomatiki isiyo na gia za ngazi, uliza oili yake ilibadilishwa lini na kwa karatasi ipi. Ukiambiwa oili ile ni ya maisha yote, jua ni maisha ya giaboksi ndiyo yanayozungumzwa. Wakati wa kujaribu, endesha mpaka gari lipate moto vizuri, nusu saa si nyingi, kisha simama mlimani na uondoke taratibu. Giaboksi yenye ugonjwa hujificha ikiwa baridi, ikipata moto ndipo inaposita na kutetemeka.

Injini nayo ni kinyume: itazame ikiwa baridi. Siku moja nilifika kuona gari lililotumika, nikaweka kiganja juu ya boneti kabla hata ya salamu kuisha. Ilikuwa ya moto. "Nililisogeza kidogo kutoka kule," mwenye gari akasema. Nikamwambia nitarudi kesho asubuhi, asiliwashe. Kesho yake lilipowaka likatoa moshi wa bluu, wingu zima, na kelele ya cheni mbele ya injini iliyodumu sekunde kadhaa kisha ikanyamaza. Dakika kumi baadaye lilikuwa linanguruma kama jipya. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Tuliagana vizuri.

Mengine ya gari lililotumika ni ya dakika chache. Kata usukani hadi mwisho, zunguka polepole, sikiliza kama magurudumu ya mbele yanalia tak-tak-tak. Soma tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na DOT kwenye ubavu wa tairi: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi manne ya miaka na makampuni tofauti yanakusimulia jinsi mwenyewe alivyokuwa akilitunza. Chomeka kile kifaa kidogo cha kusoma kompyuta ya gari. Hata kisipoonyesha hitilafu, angalia kama vipimo ambavyo kompyuta hiyo hujifanyia yenyewe vimekamilika. Visipokamilika, huenda kuna mtu amefuta makosa muda si mrefu.

Haibridi, yaani gari la injini ya mafuta na mota ya umeme, naipenda kwa mjini, kwa sababu sehemu ya nguvu ambayo ingepotea ukifunga breki inarudi kwenye betri. Toyota wenyewe waliamua Camry ya modeli ya 2025 iuzwe Marekani kama haibridi tu. Ukinunua iliyotumika, tafuta tundu la hewa la kupoza betri, ambalo kwenye nyingi liko karibu na kiti cha nyuma. Nimewahi kuchomoa kichujio chake kikatoka na manyoya ya mbwa, makombo na soksi ya mtoto. Betri inayokosa hewa haidumu.

Na mafuta usiyahesabu kwa skrini ya dashibodi. Jaza tanki, andika kilomita, jaza tena. Langu liliniambia linatembea kilomita 13.4 kwa lita. Nilitembea 510, nikajaza lita 42, ikaja kama 12.1. Si gari bovu, linajisifu tu. Nyota za usalama nazo zisome na mwaka wake. Euro NCAP, wapimaji wa usalama wa magari wa Ulaya, walianza kupima mwaka 1997 na masharti yamekuwa yakikazwa, hivyo nyota tano za muongo uliopita si nyota tano za leo.

Gari nililonalo sasa ni la kijivu, viti vya kitambaa, rimu za inchi 17. Mke wangu analiita gari la ofisi. Huu ni mwaka wa sita. Wiki iliyopita usiku niliangukia shimo, kishindo kikamwamsha mtoto nyuma. Nikashuka na tochi, nikazunguka tairi lile nikipapasa ubavu mzima kwa kidole gumba. Hakukuwa na kitu. Nikarudi ndani, tukaendelea na safari.